Tarehe 20 Desemba ku Bunkeya

Kila mwaka mu mwezi wa Desemba, wakati mvua imekwisha kuharibu barabara zote, kuna mabisi na malori yanayotoka hapa Lubumbashi kwenda Likasi, halafu kutoka Likasi kuingia njia ya Bunkeya. Ndani mumejaa bamama wenye vitenge vipya, bazee wenye mikongojo, na vijana wa Kenya na Katuba ambao pengine hawajalala kijijini hata usiku mmoja. Wengine wanatoka Kolwezi. Gari likikwama mu matope, wanashuka, wanasukuma, wanaimba, wanapanda tena. Hawaendi kwa ndoa, na Noeli bado siku tano. Wanaenda juu ya mutu mmoja aliyekufa kwa risasi tarehe 20 Desemba 1891, siku ya Jumapili.

Komite ilituomba kila mwalimu aandike juu ya sikukuu moja ya kwetu. Nimechagua hii kwa sababu mbili. Ya kwanza, niko mwalimu wa historia, na somo la M'siri limo mu programu. Ya pili ni ya nyumbani. Baba yangu alikuwa Muyeke, mama yangu ni Musanga. Anayejua historia ya Katanga amekwisha kuelewa matata iko wapi. Asiyeijua, nitamueleza polepole.

Tuanze na shaba, maana bila shaba M'siri hangefika huku. Mbele ya Bayeke kuja, Basanga walikuwa wanayeyusha shaba. Wao wanaiita mukuba. Ilikuwa kazi ya kipwa, mavuno ya mtama yakiisha kuingia ghalani. Watu waliacha kijiji, mume, bibi na batoto, wakaenda kupiga kambi karibu na kilima chenye mawe ya kijani. Bamama na batoto waliokota na kupasua mawe. Wanaume walichoma makaa, wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakapuliza moto kwa mivukuto ya ngozi ya mnyama. Fundi mkubwa alikuwa na dawa zake na miiko yake, na hakuna aliyewasha moto bila kuwaomba kwanza wahenga. Shaba ikiyeyuka ilimiminwa mahali palipochongwa umbo la msalaba. Hiyo misalaba ilikuwa mali: kwa mahari, kwa kulipa deni, kwa kununua chumvi na vitu vya mbali. Njo ile misalaba mitatu iliyowekwa ku bendera ya Katanga mwaka 1960. Mu miaka ya 1920 Monsinyore de Hemptinne aliwaomba bazee waliokuwa wamebaki wayeyushe tena, yeye akiangalia, na mwaka 1926 aliandika juu yao makala aliyoiita ya walaji wa shaba wa Katanga. Ni kusema kazi ilikuwa imekwisha kufa. Mukuba ulikuwa sasa wa Union Minière.

Ninakaa kidogo juu ya mambo haya kwa makusudi. Ile kambi ya kipwa, pamoja na moto wake, nyimbo zake na sadaka zake, ilikuwa pia sikukuu. Lakini haina tarehe ku kalenda, na hakuna bisi inayompeleka mutu kwenda kuikumbuka.

Sasa Bayeke. Kule ambako leo ni Tanzania, magaribi ya Tabora, kuna Wasumbwa. Mmoja wao, Kalasa, alikuwa mchuuzi aliyekuja huku kununua mukuba. Mtoto wake Ngelengwa alifuata njia ya baba yake, karibu mwaka 1856, na hakurudi tena kwao. Alikuja na wawindaji wa tembo, na jina Bayeke lenyewe lilitoka kwa hao wawindaji. Alikuja pia na bunduki, na bunduki mu inchi ya mikuki inabadilisha mazungumzo. Alisaidia shefu huyu mu vita yake na yule, kila musaada ukawa na bei, na mwisho wa hesabu mashefu wote walikuwa chini yake. Wenyeji walimuita Mushidi. Bazee wanaeleza kwamba ni sawa na kusema udongo, maana alikuwa amekwisha kuchukua inchi yote. Wazungu waliandika M'siri, na sisi masomoni tunaandika kama wao.

Ufalme wake uliitwa Garenganze na mji mkubwa ulikuwa Bunkeya. Njia moja ya biashara ilikwenda magaribi mpaka Bié, mu Angola, nyingine mashariki mpaka pwani. Pembe za tembo, shaba, chumvi na watu vilitoka. Bunduki, baruti, vitambaa na shanga viliingia. Nimeandika "na watu", na sitaifuta. M'siri aliuza watu. Kila shefu alileta mulambo, na asiyeleta aliona moto. Wageni waliofika Bunkeya waliandika juu ya mafuvu ya vichwa yaliyotundikwa ku miti. Arnot, mmisionari wa Uskoti aliyefika mu Februari 1886, alikaa pale kwa ruhusa ya mfalme na kupokewa naye vizuri. Ndiyo kusema mutu yule yule alikuwa na sura mbili. Ninajua wandugu wa upande wa baba hawapendi kusoma haya mu kitabu cha chama. Wanisamehe. Nao wanajua kwamba bibi za M'siri walihesabiwa kwa mamia na walitoka mu makabila yote aliyoyashinda, tena mmoja, Maria da Fonseca, alitoka upande wa Wareno wa Angola. Leo nani Muyeke atasema hana damu ya waliolipa mulambo?

Mwaka 1891 mambo yaliharibika. Basanga walikuwa wameasi, njia zimevurugika, baruti inakosekana. Na Wazungu wawili wakubwa walikuwa wanakimbilia shaba: Cecil Rhodes kutoka kusini na Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji. Sharpe alikuja mwaka 1890 upande wa Waingereza, M'siri akamukatalia. Le Marinel alikuja mu Aprili 1891 kwa jina la Leopold, akaacha kituo ku Lofoi. Tarehe 14 Desemba akafika Stairs, Mkanada aliyemtumikia Leopold, na msafara wa watu zaidi ya 300 uliotoka pwani. Hao watu walikuwa wengi wao wa Zanzibar na Wanyamwezi. Hapa mu kalasi ninasimama kidogo. Ninawaambia banafunzi: ile Jumapili, pande zote mbili kulikuwa na watu ambao asili yao ni ng'ambo ya Tanganyika, na luga iliyosikika katikati yao haikuwa Kifaransa. Kiswahili hiki tunachogombania bei mu soko, M'siri alikisikia kabla ya kufa. Wanacheka, halafu wananyamaza.

Stairs alitaka bendera ya Leopold ipandishwe. M'siri alivuta siku. Stairs akaipandisha ku kilima bila ruhusa, na usiku M'siri akahamia Munema, kijiji cha Maria da Fonseca, karibu na hapo. Asubuhi ya tarehe 20 Stairs alimtuma kapteni Bodson, Mubelgiji, pamoja na Bonchamps na askari karibu 100, wamlete. Bodson akaingia na watu wachache. Kulikuwa maneno, kulikuwa hasira, na Bodson akampiga M'siri risasi. Hapo hapo yeye mwenyewe akapigwa tumboni, akafa siku ile ile. Moloney, daktari wa msafara, aliyaandika mu kitabu kilichotoka mwaka 1893, na hakuficha kwamba kichwa cha M'siri kilikatwa na kuinuliwa juu ya mti ili watu waone.

Kichwa kilikwenda wapi? Uliza Bayeke kumi, utapata hadithi kumi. Wengine wanasema kilitiwa mu debe na kila aliyekibeba alikufa njiani. Wengine wanasema kiko Ulaya, mu kabati. Mchoraji wetu Tshibumba Kanda Matulu, aliyechora historia yote ya inchi mu miaka ya 1970, alikichora pia kifo hiki. Ya kweli ni kwamba Stairs hakufika kwao: alikufa mwaka 1892 wakati wa kurudi. Bunkeya yenyewe ilipata njaa kali, watu wakatawanyika.

Na kidonda cha pili, kile ambacho hotuba za sikukuu hazikigusi sana. Mukanda Bantu, mtoto wa M'siri, alirithi kiti na akafanya urafiki na Serikali ya Leopold. Sitamuhukumu, baba yake alikuwa amekwisha kuuawa na watu wake wanakufa njaa. Lakini Basanga, waliofikiri kwamba mulambo umekwisha, waliona Bayeke wanarudi pamoja na askari wa Serikali. Shefu wao Mulume Niama aliasi, akaingia na watu wake mu mapango. Askari walizunguka mapango karibu miezi mitatu. Walipoingia walikuta maiti 178, halafu wakaangusha mawe ili pasibaki alama. Tarehe ya siku ile hakuna anayeisherehekea.

Mi mara ya kwanza nilikwenda Bunkeya nikiwa na miaka 8, mu miaka ya 1980, wakati jimbo liliitwa Shaba. Mwami alikuwa Godefroid Munongo, yule aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani wakati wa Katanga kujitenga, 1960 mpaka 1963, na ambaye alikaa ku kiti cha M'siri kuanzia 1976 mpaka kufa kwake mu Mei 1992. Mbele yake alitawala ndugu yake Antoine, aliyeandika historia ya Bayeke. Kitabu chake tungali tunakitumia. Mi nilikuwa mtoto, sikujua mambo ya waziri. Niliona ngoma, niliona bazee wenye mikuki wanacheza kama vijana, nilisikia bunduki za zamani zikilia na bamama wakipiga vigelegele. Nilinusa mbuzi ya kuchoma na nikafikiri tunaanza kula. Kumbe hapana. Watu walinyamaza, wakaenda makaburini. Bibi mmoja mzee, hata kutembea hakuweza vizuri, alikaa chini na kulia kama vile maiti imelala ndani ya nyumba. Nilimuuliza baba: "Nani amekufa?" Baba akanijibu: "Hapa tunalia kwanza, njo tunakula." Mpaka leo sijapata maelezo mazuri zaidi ya ile sikukuu. Ni matanga ambayo hayajafungwa tangu 1891, juu ya mwili ambao, wanasema, ulizikwa bila kichwa. Munkoyo na bukari na michezo vinakuja nyuma ya kilio, na havikifuti.

Mama yangu hakuja. Hakuja mwaka ule, wala mwaka wowote baba akiwa hai. Alitufulia nguo, alitupikia chakula cha njiani, akatusindikiza mpaka ku bisi, akarudi nyumbani. Siku moja nilimuuliza juu ya nini. Alikuwa anatwanga sombe, hakuinua macho: "Baba yako aende alie mutu wake. Na bangu miye, nani atabalilia?" Hawakugombana hata siku moja juu ya neno hili. Lilikuwa limekaa mu nyumba kama kiti ambacho hakuna anayekikalia.

Mwaka 1991 ilitimia miaka 100. Baba alikuwa ameweka feza kando kwa safari. Mu Oktoba mji wa Lubumbashi uliibiwa, maduka yakavunjwa, bei zikapanda kama moshi, na feza ya baba ikawa makaratasi. Tarehe 20 Desemba alivaa shati lake jeupe asubuhi, akakaa uani peke yake mpaka mangaribi. Mama alimpelekea maji ya kunywa, akakaa naye. Sikusikia walichosema.

Kuna jambo lingine ambalo watu wa mji hawalijui, nami naliona kubwa kuliko bunduki na ngoma. Nyimbo za zamani za Bunkeya ziko mu Kiyeke, ambacho ni ndugu wa Kisumbwa cha Tanzania. Wanaoziimba leo, wengi hawaelewi kila neno. Wameyashika kama vile sisi tulivyoshika Kilatini cha misa. Maana Bayeke nyumbani hawasemi tena Kiyeke. Wanasema Kisanga. Walioa bibi Basanga, na mtoto ananyonya luga pamoja na maziwa. Kwa hiyo mfalme alishinda inchi, na bamama wa inchi walishinda ulimi wa batoto wake. Ukisikia hotuba ku Bunkeya, ukisikia bazee wanavyotaniana, ukisikia mama anavyomuita mtoto atoke mu mvua, unasikia luga ya walioshindwa.

Sasa niseme kosa langu. Miaka michache iliyopita, mu kalasi ya tano ya sekondari, mwanafunzi mmoja alisimama akaniuliza: "Prof, M'siri alikuwa shujaa ao mwizi wa watu?" Nilijua ni Musanga kwa jina lake. Nilimwambia akae, swali halimo mu somo. Aliketi, lakini nilimuona uso, na uso ule ulinifuata mpaka nyumbani Kasapa. Usiku nilijiuliza: kama mama yangu angekuwa ku ile dawati, je, ningemwambia akae? Juma lililofuata niliwapa wote kazi: kila mmoja aulize bazee wa kwao wanasema nini juu ya M'siri, aandike mu kaye bila kupamba. Yaliyorudi yalikuwa mengi. Mmoja alileta hadithi ya bibi wa babu yake aliyeuzwa kwa kitambaa. Mwingine, Mulamba, aliandika kwamba watu wao walijificha mu pori kila kipwa wakiogopa wachukuaji wa mulambo. Mtoto wa Bayeke aliandika kurasa tatu juu ya kichwa kilichopotea, na kwa kweli alinitoa machozi. Na watatu wanne waliandika kwamba bazee wao wamekwisha kufa na baba hajui kitu. Hawa njo walionisumbua zaidi. Yule aliyeuliza swali aliandika mistari mitano tu, na wa mwisho ulikuwa juu ya mapango.

Wengine watasema: sikukuu ni ya mwenye nayo, asiyependa asiende. Si vibaya. Hata Ulaya ni hivyo. Uingereza kila tarehe 5 Novemba wanawasha moto kukumbuka njama ya mwaka 1605, wakati Wakatoliki wachache walitaka kulipua Bunge la mfalme kwa baruti. Vijijini na mu miji midogo batoto wanakula, wanaangalia fataki, wengi hata hawafikiri tena juu ya dini. Lakini mu mji mmoja, Lewes, wanabeba pia misalaba 17 ya moto kwa Waprotestanti 17 waliochomwa pale mu karne ya 16. Niliposoma hayo nilishangaa: miaka zaidi ya 400, na bado mutu anaweza kuuliza huo moto ni wa nani na unamchoma nani. Sisi ku Bunkeya tuko ku miaka 130 na kidogo. Bado mapema.

Baba alipokufa, na matanga yake yalipokwisha, mama alikaa miaka miwili bila kutaja Bunkeya. Halafu mjukuu wake, kijana wangu, akaomba kwenda. Mama akasema: "Nitamupeleka miye." Nilifikiri anatania. Tulikwenda watatu, mvua ikitupiga kutoka Likasi. Pale alikataa kukaa ku viti chini ya hema. Alikwenda nyuma, ku mafiga, kwa bamama waliokuwa wanachagua mchele. Mzee mmoja wa kike akamuuliza kwa Kisanga: wewe mtoto wa nani? Mama akataja ukoo wake, wazi, bila kupunguza sauti. Nilisimama na hofu kidogo. Yule mzee akasogea ku mkeka, akampa nafasi, akasema: "Bibi yangu pia alitoka kule. Alikamatwa." Basi, wakaendelea na mchele. Wakati wa kwenda makaburini mama alikwenda pamoja na wengine, akasimama nyuma, hakulia. Usiku alicheza kidogo, sitaficha.

Mu bisi ya kurudi, mtoto amelala juu ya magoti yake, aliniuliza: "Weye njo mwalimu. Ya mukuba, na ya bale ba mu mapango, mutaweka tarehe gani?"

Sikuwa na jibu. Nimepeleka swali lake ku komite, na wenzangu wawili wamekubali kwenda nami kipwa kinachokuja kuzungumza na bazee wa Basanga upande wa Likasi na Lufira, wale ambao babu zao walikaa kambi za shaba. Tunahitaji mutu mwenye mashini ya kunasa sauti na mwenye kujua Kisanga cha zamani, kwa sababu changu ni cha jikoni. Anayemjua mzee wa namna hii aje kutuambia siku ya mukutano, mbele ya mvua kuanza.